RAHA ZA PWANI YA KIGOMA NA DENI LA DAFTARI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kidahwe)



Kamati iliniandikia barua ikinitaka nizungumze kwa dakika ishirini juu ya raha tulizozipata tulipokuwa shuleni. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nikiona barua yenye namba ya kumbukumbu, hata kama ni ya mwaliko wa pilau, mkono wenyewe hutafuta kalamu. Basi nimejibu, na jibu langu ndilo hili nililolishika mkononi.

Nilipokaa kufikiri juu ya raha, nikagundua kwamba raha zetu zote zilikuwa mahali pamoja, nazo hazikuwa hapa Kidahwe. Hapa tulikuwa na kengele ya kipande cha reli, shamba la mihogo, na mwalimu wa zamu. Raha zilikuwa kule bondeni, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi, ukapita gati la Kigoma, hata ukafika Ujiji. Ziko nchi duniani ambako watu walijenga miji mizima kando ya maji kwa kazi moja tu ya kustarehesha wageni. Huko nitawapeleka baadaye kidogo. Sisi hatukujengewa mji wa namna hiyo, lakini hatukujua kwamba tumekosa kitu.

Mtakumbuka, wenzangu wa miaka ya 1995 hadi 1998, kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulipewa ruhusa hadi Jumapili jioni. Siku hizi lami inamchukua mtu kutoka hapa hadi Kigoma mjini kabla karanga alizonunua njiani hazijaisha. Wakati ule ilikuwa barabara ya vumbi jekundu, kilomita 28, na masika ilikuwa ya tope jekundu. Tulisimama njia panda alfajiri tukingoja lori la maharage kutoka Kasulu. Dereva mwenye huruma alitupakia juu ya magunia. Asiye na huruma alitupakia pia, lakini kwa malipo. Na lori lisipokuja, tulikwenda kwa miguu tukiimba, na anayelalamika kwamba viatu vinambana aliambiwa avivue, maana barabara ilikwisha vijulia miguu ya babu zake.

Vijana, nataka mjue furaha ya kuliona ziwa kutoka juu, pale Mwanga, barabara inapoanza kuteremka kati ya miembe kuelekea stesheni. Kwanza unaona bati za mji, halafu mlingoti wa meli, halafu buluu tupu, na mbali sana, siku ya hewa safi, milima ya Kongo. Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha kwamba ziwa lile lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, na kwamba duniani kote ni Ziwa Baikal peke yake lililo na kina zaidi. Tulikariri tukafaulu mtihani. Lakini tukiwa pale juu ya gunia la maharage, hapana aliyekumbuka tarakimu. Tulipiga kelele tu.

Raha ya kwanza ilikuwa stesheni. Kigoma ni mwisho wa reli, na jambo hilo kwa mtoto wa shule lilikuwa na maana kubwa. Reli ilifika pale Februari 1914, wakati wa Wajerumani, kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,250. Treni iliyokuwa safarini siku mbili na zaidi, ikiwa imepita Morogoro, Dodoma, Tabora na Uvinza, ilikuja kusimama mbele ya macho yetu kwa sababu mbele yake palikuwa na maji. Hatukuwa tunampokea mtu. Tulisimama tukihesabu mabehewa na kubahatisha nani ametoka wapi kwa kutazama mizigo yake: mwenye vitunguu, mwenye kuku wa Dodoma, mwenye asali ya Tabora. Kisha tuliwafuata nyuma hadi sokoni, kana kwamba tumeajiriwa kuwasindikiza.

Raha ya pili ilikuwa Ujiji. Huko ndiko tuliko na shangazi, binamu na marafiki wa kututazamia ugali wa muhogo, mgebuka wa kuchoma na mboga iliyong'ara mafuta ya mawese. Jumamosi mchana tulikwenda kwenye mwembe. Nyote mnaujua mwembe ninaousema, au niseme wajukuu wa mwembe, maana wenyewe wa mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, ulikwisha kufa zamani, na iliyopo husemwa kuwa imetokana nao. Pale ndani palikuwa na sanamu za wazungu wawili wakisalimiana kwa kuinua kofia. Sisi tulisalimiana hivyohivyo mwezi mzima baadaye, bwenini, bila kofia.

Mzee mmoja wa Ujiji alituuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyetuuliza. "Ninyi wanafunzi, mbona huyo mgeni alifika kando ya maji, na leo maji yako kule chini?" Tukanyamaza. Miaka mingi baadaye nilisoma sababu yake. Maji ya ziwa yalipanda hadi kufikia mwaka 1878 hivi, yakafungua njia upande wa Kongo kwa Mto Lukuga, na kabla ya karne ile kwisha yalikuwa yameshuka kwa mita kumi hivi. Ziwa letu huvuta pumzi na kuishusha, nasi binadamu tunajenga vibanda juu ya kifua chake tukidhani limelala.

Raha ya tatu, na kwangu mimi ndiyo iliyokuwa mfalme wa raha zote, ni taa. Jua lilipozama nyuma ya Kongo, mitumbwi ya dagaa ilitoka miwili miwili, imefungwa pamoja kwa magogo, na karabai zikawashwa. Kwanza moja, kisha tano, kisha huwezi kuhesabu. Saa tatu usiku ziwa lilikuwa mji. Tulikaa mchangani na mahindi ya kuchoma tukigawana majina ya mitaa: ule ni Mwanga, ule Gungu, ile pembeni inayotetemeka peke yake ni bweni la kidato cha kwanza. Karabai ilivuta dagaa waje juu, wavu ukawangoja chini. Na siku za mbalamwezi kali hapakuwa na taa, kwa sababu dagaa hawaoni haja ya karabai ya mtu wakati Mungu amewawashia ya kwake. Ruhusa yetu ikiangukia mbalamwezi tulinung'unika kama watu waliodhulumiwa. Haikutupitia akilini hata mara moja kwamba usiku ule familia nyingi hazikuingiza shilingi.

Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Raha ya nne ilikuwa Jumapili, meli Liemba iliporudi kutoka Mpulungu, Zambia. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikasafiri kwa bahari na kwa reli ileile mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu Mei 1927 ikaitwa Liemba na kuanza kubeba abiria. Sisi tuliijua kwa honi. Honi ikilia tulikimbia kutoka popote tulipo. Tulitazama wanavyoshuka: wafanyabiashara wa mchele, mama na watoto watatu na magunia manne, mabaharia waliovaa miwani ya jua hata ikiwa mawingu. Wasafiri walitusimulia vijiji vya kusini, Lagosa, Kalya, Karema, ambako meli husimama majini na mitumbwi huifuata kupakia na kupakua, watu wakirushiana mizigo na wakati mwingine watoto. Sisi tulicheka. Ilikuwa sinema ya bure.

Ndugu zangu, mpaka hapo hotuba ingeweza kwisha, mkapiga makofi, tukaenda kula. Lakini sikuwa mkweli katika barua yangu kwa Kamati, maana sikuwaambia kwamba katika raha hizi lipo deni. Leo nalitaja mbele yenu, baada ya miaka karibu thelathini.

Mwishoni mwa mwaka 1996 tulikuwa kidato cha pili. Vita vilikuwa vimeanza upande wa pili wa ziwa, nchi ile ikiitwa bado Zaire. Watu walivuka kwa mitumbwi, wakashukia mwambao wetu. Kutoka Kigoma walipakiwa kwenye malori kupelekwa makambini, na malori ya kwenda Nyarugusu yalipita hapa Kidahwe. Wenzangu mtakumbuka tulivyosimama kando ya barabara. Mwanzoni tulipunga mikono, kama tulivyozoea kupungia kila chombo kinachopita. Watu wa juu ya malori walitutazama tu.

Wachache walibaki mjini kwa ndugu zao. Mmoja wao alikuwa kijana wa umri wetu, aliyekaa kwa mama yake mdogo Ujiji. Jina lake nitalihifadhi. Nilimkuta ufukoni Kibirizi siku ya ruhusa, nami nikiwa nimesimama majini mpaka magotini, nikijifanya ninanawa. Ukweli ni kwamba sikujua kuogelea. Wengi wetu wa huku juu hatukujua, ila hatukusema. Yeye aliniona, akacheka, akasema kwa Kiswahili chao, "Usipigane na mayi. Mayi hayana ugomvi. Njo weye unaanza."

Kwa ruhusa nne au tano alinifundisha. Alinishika mgongo kwa kiganja kimoja, akanilaza chali, akaniamuru nitazame mawingu. Siku aliyoondoa kiganja hakuniambia. Nilikuja kujua nilipomsikia akiongea kutoka mbali.

Jioni tulikaa mchangani na wenzangu, tukamwonyesha mji wetu wa taa, mitaa yake na majina yake. Hakucheka. Alisema baba yake ni mvuvi wa karabai, na kwamba hakuvuka pamoja nao. Alitueleza karabai inavyopampiwa, inavyozimika upepo ukibadilika, mvuvi anavyorudi alfajiri macho mekundu kwa moshi na mwanga. Kisha akasema kwamba huko kwao usiku ule labda hapakuwa na taa hata moja. Tangu siku ile mimi sikuwahi tena kuziita taa zile mitaa.

Yeye alikuwa mwaka wa pili wa sekondari vita vilipoanza. Hakuwa na shule. Aliniomba kitu kimoja: nimnakilie daftari langu la Hesabu, mada kwa mada, ili asiachwe nyuma. Nikamwahidi. Ruhusa iliyofuata nikaja mikono mitupu, nikasema nilikuwa na mitihani. Ruhusa ya baada yake nikasema nimelisahau juu ya tranka. Mara ya tatu hakuuliza tena, na mimi nikaona nafuu kwamba hakuuliza. Daftari lenyewe halikuzidi kurasa 60. Ingenichukua siku mbili za kujisomea jioni.

Mei 1997 Mobutu akaanguka. Baadaye mwaka ule Liemba ikaanza kuwarudisha watu kwao. Kwa miezi kadhaa ilivusha zaidi ya 75,000. Siku moja ya ruhusa tukasikia honi, tukakimbia kama desturi yetu, tukajipanga tukila mahindi. Foleni ilikuwa ndefu. Wenzangu wakaanza mchezo wa kubahatisha mizigo: sufuria, godoro, jerikeni, kuku. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuinua mkono kuonyesha mzigo mmoja wa kuchekesha, beseni lililofungwa kwa kamba ya chandarua, nilipoona kwamba aliyelibeba kichwani ni yeye.

Alikuwa na mama yake. Aliniona. Mkono wangu ulikuwa bado juu, nao ulikuwa na hindi. Sikujua niushushe au nimpungie. Yeye aliinua nyusi kidogo, kama mtu anayemwona jirani sokoni, akasogea mbele maana foleni ilisogea. Sikuita. Meli ikaondoka saa kumi. Sijapata habari zake tangu hapo.

Jioni ile nilirudi hapa, na usiku nikaanza kunakili daftari. Nilinakili lote. Nilikuwa nalo kwenye tranka hata nilipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa niwapeleke kule nilikowaahidi. Mwaka 2012 ofisi ilinituma Uingereza kwa mafunzo ya majuma machache, mwezi Oktoba. Wenyeji wetu wakatuchukua Jumamosi moja kwenda Blackpool, mji wa pwani wa kaskazini mwa nchi ile. Huo ndio mji uliojengwa kwa ajili ya raha. Reli ilifika pale mwaka 1846. Viwanda vya nguo vya miji ya jirani vilikuwa vikifungwa wiki moja kwa mwaka, kila mji na wiki yake, na wafanyakazi wakahamia pwani kwa treni, mtaa mzima kwa pamoja. Wakajengewa magati matatu ya kutembea juu ya bahari, ambayo hayapokei meli ya mizigo. Kazi yake ni kumpa mtu mahali pa kununua vitamu na kusikia muziki. Wakajengewa mnara wa chuma mwaka 1894, na ukumbi wa dansi chini yake. Na tangu mwaka 1879 wamekuwa wakiwasha taa za maonyesho. Siku hizi huwashwa kila mwaka majira ya baridi yanapokaribia, karibu kilomita kumi za taa kando ya bahari, ili wageni waendelee kuja hata joto likipungua.

Baridi ilinipiga mpaka kwenye meno, lakini taa zilinitoa machozi, na wenyeji wakadhani ni upepo. Nilikaa kwenye benchi karibu na mama mmoja mzee sana. Alinisimulia kwamba utotoni wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, na kwamba mwaka mzima waliweka senti kwenye kopo kwa ajili ya wiki ile moja. Nami, nikiona fahari ya kwetu isipotee, nikamweleza kwamba kwetu pia ziko taa, nyingi hivi, tena juu ya maji yenyewe. Akafurahi mno. Akaniuliza, "Na huwashwa na nani?"

Nikamjibu, wavuvi. Akaniuliza, huwashwa ili watu watazame? Nikasema, hapana, wako kazini. Yule mama akanyamaza kidogo, akasema baba yake angependa kuwajua watu hao, kwa sababu naye alifanya kazi zamu ya usiku.

Swali lake sijalisahau. Taa za Blackpool ziliwashwa kwa ajili ya mfanyakazi aliyepumzika. Taa za Kigoma ziliwashwa na mfanyakazi mwenyewe ambaye hakupumzika, na sisi tulikuwa tumekaa mchangani tukizitazama bure. Treni, meli, taa, vyote tulivyoviita raha vilikuwa safari na riziki ya watu wengine. Sioni dhambi katika kutazama. Dhambi yangu ilikuwa kwamba mmoja wa watu wale alinijia karibu, akanifundisha kitu, akaniomba kitu, na mimi nikaendelea kukaa kama mtazamaji.

Mungu hakuninyima nafasi ya pili. Mei 2015 machafuko ya Burundi yalileta watu kwa maelfu mpaka Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kilicho kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikazuka. Liemba ileile ikatumwa kuwachukua, na mjini Kigoma wakapokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, uwanja ambao sisi tuliuparamia ukuta kutazama mpira. Nilikuwa Kigoma kikazi, nikaombwa kusaidia kuandika majina. Meza yangu iliwekwa karibu na goli. Kijana mmoja, baada ya kunitajia jina lake na la kijiji chake, hakuuliza chakula wala hema. Aliuliza, "Huko tunakokwenda kuna shule?"

Kalamu ilisimama. Mara hii sikuahidi kwa mdomo. Niliandika jina lake na kidato chake katika kijitabu changu, na kabla ya mwezi kwisha nilipeleka Nyarugusu madaftari na vitabu vya Hesabu, kwa jina lake na kwa wenzake aliokuwa nao. Mabasi yaliyowabeba yalipita hapa Kidahwe, barabara ileile ya malori ya 1996. Deni la kwanza halilipwi kwa kumlipa mtu mwingine, hilo nalijua. Lakini angalau sikukopa mara ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho, maana naona mpishi anachungulia.

Pwani ile tuliyoijua imebadilika. Liemba iliacha safari zake mwishoni mwa miaka ya 2010, ikakaa miaka mingi ikingoja matengenezo. Maji ya ziwa yalipanda sana tangu mwaka 2020, yakameza fukwe tulizokaa na mahindi yetu, na mzee wa Ujiji kama angekuwa hai angetuambia kwamba ziwa limevuta pumzi tena. Karabai nyingi zimebadilishwa na taa za betri na za jua. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa ziwa zima ili samaki wapate kuzaliana, na zikaja miezi mitatu bila taa. Nilisikia watu wa mjini wakisema ziwa limekuwa giza, halipendezi. Nilifurahi kuona wapo pia waliouliza wavuvi wanakula nini.

Kwa wenzangu wa zamani nina ombi moja. Wengi wetu tuna ofisi, biashara, na baadhi wana viwanja kando ya maji. Tusije tukawa kizazi kilichotumia pwani bure kikaifungia watoto kwa senyenge. Na kwa kuwa chama chetu kina mfuko, napendekeza fungu dogo litengwe kila mwaka liwapeleke wanafunzi wa hapa ziwani, pamoja na mtu anayejua kuwafundisha kuogelea, maana bado wapo watoto wa huku juu wanaosimama majini mpaka magotini wakijifanya wananawa.

Kwa ninyi vijana, ninayo maneno machache. Nendeni mkatazame. Tazameni treni, tazameni taa, chekeni kama tulivyocheka; ujana haurudi. Lakini ukiwa pale mchangani, muulize jina walau mtu mmoja anayefanya kazi mbele yako. Na mtu akikuomba kitu ambacho kitakuchukua siku mbili, usimwambie wiki ijayo. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Mimi mgeni alikuja, nikapona, na yeye akaondoka bila daftari.

Daftari lile la pili, lile la nakala, bado ninalo. Nimelileta leo. Namkabidhi Ndugu Mkuu wa Shule aliweke maktaba. Hesabu zake ni za mtaala wa zamani, hazitawasaidia sana kwenye mtihani. Lakini ukurasa wa kwanza nimeacha mahali pa jina patupu, kama palivyokuwa usiku ule, kwa sababu mwenyewe hajafika kulichukua.